Nani Kafika Dau? Rekodi 6 za Soko la Simu na Intaneti

Mwaloni Kibirizi, mjini Kigoma, bei ya dagaa huanza kutajwa mitumbwi ikiwa bado ziwani. Intaneti ya kasi ilipoanza kuenea, kampuni za simu nazo zilinadiwa hivyohivyo: tetesi kwanza, fedha baadaye. Hawa hapa mabingwa, wamepimwa kwa vipimo vya Kigoma.

1. Dau nono lililofika hadi Ujiji
Dola bilioni 10.7! Ndizo Bharti Airtel ya India ilizokubali mwaka 2010 kwa mitandao ya Zain katika nchi 15 za Afrika, Tanzania ikiwemo. Wateja walikuwa milioni 42. Ujaze Mkoa wa Kigoma wa sensa ya 2012 mara 19, bado kuna watu wanaobaki nje. Kila mteja alithaminiwa takriban dola 255.

2. Dau dogo kuliko yote
Mwaka 2015, Millicom, wakati huo wenye Tigo, walichukua asilimia 85 ya Zantel kwa dola milioni 1. Wakazi 215,458 wa Kigoma-Ujiji wa sensa ya 2012 wangechanga dola 5 kila mmoja, wangeinunua na kurudi na chenji ya dola 77,290. Ila Zantel ilikuja na madeni ya dola milioni 74. Ukiyajumlisha, mchango unaruka hadi dola 348 kwa kichwa.

3. Aliyepanda bei haraka zaidi
Msudani Mo Ibrahim alianzisha kampuni iliyozaa Celtel mwaka 1998. Mwaka 2005, MTC ya Kuwait, iliyokuja kuitwa Zain, iliinunua kwa dola bilioni 3.4. Miaka 7 tu! Meli yetu ya Liemba ilizamishwa 1916 na kuibuliwa 1924, muda mrefu kuliko huo.

4. Bingwa wa kubadili jina
Laini ileile, mfuko uleule: Celtel, kisha Zain mwaka 2008, kisha Airtel mwaka 2010. Majina 3 katika muda usiofika miaka 3. Liemba iliacha jina la Goetzen mwaka 1927, na haijabadili tena.

5. Tetesi nzito zaidi iliyokufa
Bharti na MTN ya Afrika Kusini walizungumza mwaka 2008, wakashindwana. Wakarudi mezani 2009 na mpango wa takriban dola bilioni 23, zaidi ya Zain mbili za Afrika. Wakashindwana tena! Julai mwaka huohuo, mwezi ambao mkongo wa intaneti wa SEACOM uliwashwa, Vivendi ya Ufaransa nayo iliacha kuinyemelea Zain. Aliyekosa MTN ndiye akaibuka na Zain.

6. Poromoko lenye kina kirefu kuliko yote
Januari 2000, AOL ya Marekani ilitangaza kuichukua Time Warner kwa takriban dola bilioni 165. Lakini AOL iliishi kwa watu waliopiga simu ili kuingia mtandaoni, na intaneti ya kasi ikawahamisha. Kwa mwaka 2002, kampuni hiyo ya pamoja ilipata hasara ya dola bilioni 98.7.

Tuifanye hasara hiyo kuwa kina cha Ziwa Tanganyika, mita 1,470. Dau lote la Zain linazama mita 159 tu. Na ile milioni ya Zantel? Sentimita 1.5: hata kifundo cha mguu hakilowi!