Magari-Nyumba (4): Skrubu Inataka Pa Kushika

Majira ya joto yanapoingia Ulaya, magazeti ya huko hurudia habari yao ya kila mwaka: misururu ya magari-nyumba kuelekea fukwe za kusini. Kisichoandikwa ni yanayotokea ndani ya magari hayo baada ya kilomita chache za barabara mbovu. Kabati la vikombe linalegea, televisheni inabaki na skrubu moja, rafu ya vitabu inakutwa sakafuni. Ukuta wenyewe aghalabu ni wa tabaka tatu: bati jembamba au faiba kwa nje, povu gumu katikati, plaiwudi ya milimita tatu hivi kwa ndani.

Wengi hufanya walivyozoea nyumbani. Hutoboa, hutia kile kijibomba cha plastiki, hukaza skrubu. Kijibomba hicho kina historia yake, na ndani ya historia hiyo mna sababu ya kushindwa kwake.

Mwanzoni mwa karne ya 20, kufunga kitu kwenye ukuta wa mawe ilikuwa kazi ya nyundo na patasi. Fundi alichimba shimo kubwa, akapigilia kipande cha mbao, ndipo akakaza skrubu. Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, lilipotaka vifaa vya umeme vifungwe bila kuta kuharibiwa, mkandarasi John Joseph Rawlings alibuni kijibomba cha nyuzi za juti zilizogandishwa kwa damu ya wanyama, akakiombea hataza mwaka 1911. Skrubu ikiingia kijibomba hutanuka, na ukuta hukibana. Mwaka 1958 Mjerumani Artur Fischer akatoa cha nailoni, kinachotumika mpaka leo. Fischer, mtoto wa fundi cherehani wa kijiji cha Tumlingen, alikuwa tayari amebuni taa ya kamera inayowaka papo hapo picha inapopigwa, kwa kuwa alitaka picha ya binti yake mchanga. Alifariki mwaka 2016 akiwa na hataza na ubunifu uliosajiliwa zaidi ya 1,100. Wapo wanaowataja wachezaji wa akiba wa Bayern Munich mmoja mmoja lakini jina la mzee huyu hawajapata kulisikia, na hiyo ni aibu.

Sasa, kazi yote ya Rawlings na Fischer ilitegemea ukuta unaobana. Povu halibani. Husagika tu, na gari likitikisika tundu hupanuka.

Ufumbuzi mmoja ulitoka kwenye ndege. Katika miaka ya 1930 kampuni ya BF Goodrich ya Marekani ilitaka kufunga mipira ya kuvunja barafu kwenye mabawa, ambayo ni bati jembamba lisilofikika kwa nyuma. Ikabuni ribiti yenye meno ya nati ndani yake: huingizwa tunduni, ikivutwa huvimba nyuma ya bati, na bolti hupata pa kushika. Kwa gari-nyumba lililotengenezwa kutokana na gari la mizigo la bodi ya chuma, kama Fiat Ducato, ribiti hizo zikifungwa kwenye mbavu za chuma zinatosha.

Lenye kuta za povu linataka subira, na subira ndiyo iliyoadimika siku hizi. Mbao za fremu aghalabu huzunguka madirisha, mlango na kingo za paa. Sumaku ikipitishwa polepole ukutani hunasa vichwa vya skrubu vilivyofichika. Asubuhi ya baridi, kamera ya joto huonyesha mbao kama mistari, maana hupitisha joto kuliko povu. Kabla ya kutoboa, keekee izungushiwe utepe kuonyesha kina, isije ikatokea nje na kuingiza maji. Chembe nyeupe nyepesi zikitoka, hilo ni povu. Unga wa kahawia ukiendelea kutoka, mbao imepatikana. Isipopatikana, kipande kipana cha plaiwudi kigundishwe kwa gundi ya polyurethane juu ya ukuta, na skrubu iishie humo. Mkanda wa usalama haumo katika hesabu hii: huo hufungwa kwenye nguzo zilizotengwa na kiwanda, na si penginepo.

Kiwanda kinajua kila mbao ilipo, maana ndicho kilichoipanga. Anayenunua gari-nyumba na audai mchoro wa fremu kabla ya kutia saini.