'Rangi ni hiyo hiyo tu': Muuzaji uzi alivyonitia hasara

KAMA umewahi kufuma sweta ya mteja usiku kucha ukitegemea pesa hizo zilipe kodi ya nyumba, utanielewa.

Mimi hufuma kwa sindano ya kroshia na kuuza mtandaoni: kofia, vibeti na sweta. Sina duka. Karakana yangu ni kitanda changu huko Kayole. Mwezi jana mteja aliagiza sweta ya rangi ya haradali kwa Sh3,500, akanitumia Sh1,500 za kuanzia.

Hesabu yangu ilikuwa madonge 10 ya uzi, kila moja Sh150. Nikapanda matatu hadi katikati mwa jiji, kwenye kiduka ninakonunua tangu nianze kazi hii. Muuzaji alikuwa na madonge saba tu ya rangi hiyo.

“Chukua haya, mrembo. Wiki ijayo naleta mengine. Rangi ni hiyo hiyo tu,” akaniambia.

Nikamwamini. Wiki iliyofuata nilirudi, nikalipa Sh450 kwa M-Pesa na kuchukua matatu yaliyobaki.

Nilimaliza mkono wa pili saa nane usiku. Chini ya balbu kila kitu kilikuwa poa. Asubuhi niliitundika mlangoni nipige picha, moyo ukanidunda. Mkono mmoja ulikuwa haradali, wa pili ulikuwa kama ndizi mbivu. Mteja alipoona picha aliuliza swali moja: “Mbona mkono mmoja umechujuka?”

Hapo ndipo nilisoma karatasi zinazozungushiwa uzi. Nambari ya rangi ilikuwa sawa, lakini kando yake kulikuwa na nyingine, ya loti. Kiwandani uzi hutiwa rangi kwa mafungu, na fungu moja laweza kutofautiana kidogo na jingine hata kama rangi ni ile ile. Ndiyo maana wafumaji wazoefu hununua uzi wote kwa mpigo, wa loti moja.

Nikarudi dukani na ile sweta pamoja na donge moja ambalo sikuwa nimelifungua. Sikutaka pesa. Nilitaka anitafutie uzi wa loti ya kwanza, au angalau anibadilishie hilo moja.

Hakuinua macho kutoka kwa simu yake. “Hayo mambo ya loti kila mtu anajua,” alisema, akinionyesha kibao ukutani: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Nilipozidi kumsihi, aliniuliza mbele ya wateja wengine: “Uzi wa mia nne hamsini ndio unanipigia kelele hivi?”

Kwake zilikuwa Sh450. Kwangu ilikuwa kazi ya siku tisa, nauli ya safari tatu na jina langu kwa mteja.

Kilichoniuma zaidi si kile kibao. Ni hilo neno “kila mtu anajua”. Kama alijua, mbona hakuniambia siku ile aliponiuzia madonge saba? Duka dogo haliwezi kushindana na maduka makubwa kwa wingi wa bidhaa. Nguvu yake ni mwenye duka anayejua mali yake na anayekujua wewe.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nazo. Malalamishi unaweza kuyapeleka kwa Mamlaka ya Ushindani (CAK). Lakini tuseme ukweli: nani atafunga safari hiyo kwa sababu ya Sh450? Wengi wetu husonya tu na kwenda zetu.

Nilifumua mikono yote miwili, nikaifuma upya nikipokezanisha mistari, mmoja wa loti ya kwanza, mmoja wa pili, ili tofauti isionekane sana. Nikampunguzia mteja Sh500. Aliichukua, lakini hajaagiza tena.

Usiku huo nilifungua ukurasa wangu wa biashara, nikaona nilichoandika mwenyewe: pesa za kuanzia hazirudishwi kwa vyovyote vile. Hata mimi nilikuwa na kibao changu ukutani! Nilifuta, nikaandika kwamba nikikosea mimi, nitarekebisha kwa gharama yangu.

Kwa wenzangu mnaoanza: linganisheni nambari za loti kabla ya kulipa, tazameni rangi nje kwenye mwanga wa jua, na msitupe karatasi za uzi wala kufuta ujumbe wa M-Pesa kabla ya kukabidhi kazi.

Siku hizi nanunua kwa mama mmoja mwenye kibanda kidogo zaidi. Bei yake iko juu kwa Sh10. Siku ya kwanza aliniuliza, “Unafuma nini, msichana wangu, na utahitaji madonge mangapi?” Kisha akapanda kwenye stuli, akaanza kunitafutia ya loti moja.