Je, Wajua? Msitu Waweza Kusimama Ukiwa Mtupu

Je, wajua kuwa miti ya kusini mwa jimbo la Maniema, nchini Kongo, kuendelea kusimama si ushahidi kwamba msitu ni mzima? Tembo wa msituni hula matunda, kisha hutembea kilomita nyingi na mbegu tumboni. Rundo la mavi yake, likinyeshewa, huchipua miche iliyokwisha kupata mbolea. Mbegu nyingine ni kubwa mno hata mnyama mwingine hawezi kuzimeza. Tembo akitoweka, miti hiyo huzeeka bila warithi. Mji wa Kasongo, kusini mwa Maniema, uliona tembo wakiwindwa mapema: katika miaka ya 1870 na 1880 Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, aliufanya makao yake, na pembe za tembo zikabebwa mabegani mwa watumwa na wapagazi kuelekea Zanzibar.

Wapo wasemao hayo ni ya kale, wanyama watazaliana tena. Lakini tembo jike hubeba mimba miezi 22, na mwaka 2021 tembo wa msituni aliorodheshwa kuwa hatarini kabisa kutoweka. Wengine huuliza, na wana haki, mwenye njaa aachaje nyama ya pori? Swali zito, ila nyama inayopakiwa kwenye baiskeli kwenda kuuzwa mjini hailishi kijiji. Na wawindaji wa nyama hiyo ndio wenye elimu ya msitu: magharibi ya mto Lualaba, penye Hifadhi ya Taifa ya Lomami iliyotangazwa 2016, yuko kima aitwaye lesula. Wanasayansi walimtambulisha mwaka 2012. Wawindaji walikuwa wakimwita kwa jina hilo tangu zamani.