Joto Linalomezwa na Maji

Barafu, maji na mvuke ni kitu kimoja katika hali tatu: yabisi, kimiminika na gesi. Molekuli ni zilezile. Kinachobadilika ni mshikamano wake. Katika yabisi zimebanana, kila moja ikitetemeka pale pale ilipo. Katika kimiminika zinagusana lakini zinapishana, ndiyo maana maji hufuata umbo la chombo. Katika gesi zimetawanyika. Joto huvunja mshikamano huo, baridi huurudisha. Vitu vichache, kama kafuri, hutoka yabisi na kuwa gesi moja kwa moja.

Jiji la Kisangani, nchini Kongo, liko karibu mno na ikweta, na hewa yake haikaribii hata kidogo nyuzi 0 za Selsiasi ambapo maji huganda. Barafu ya mjini ni ya friza. Ile ya asili, kwa upande wa mashariki ya Kongo, iko juu ya Rwenzori, mpakani na Uganda, nayo inazidi kupungua.

Kinachoganda chenyewe mjini ni mafuta ya mawese. Chupa iliyotulia usiku kucha huonyesha tabaka mbili: chini uji mzito wa rangi ya machungwa, juu mafuta mekundu maangavu. Barafu huyeyukia kwenye kiwango kimoja tu cha joto, lakini mawese ni mchanganyiko wa mafuta ya aina nyingi, kila aina na kiwango chake. Katika joto la nyuzi 25 hivi, baadhi huganda na kuzama, mengine hubaki kimiminika. Mawese hayo hayajaharibika. Yakipashwa moto kidogo hurudi kuwa kitu kimoja.

Jambo linalostahili kueleweka zaidi jikoni ni kuchemka. Kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 100 kunahitaji kilojuli 420 hivi. Kuyageuza yote kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 2,260, zaidi ya mara tano, na muda huo wote kipimajoto hakipandi, kwa kuwa joto linaishia katika kuachanisha molekuli. Basi sombe (majani ya muhogo) ikishachemka, kuongeza makaa hakuiivishi upesi zaidi; maji tu ndiyo yanakauka haraka. Moto mdogo na kifuniko vinatosha, na makaa ni ghali. Mahali napo pana uzito wake: Kisangani, mita 400 hivi juu ya bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 99, Goma, mita 1,500 hivi, huchemka kwa nyuzi 95, na maharagwe huchelewa kuiva.

Wapikaji wa lotoko, pombe kali ya kienyeji, hutumia tofauti za viwango vya kuchemka. Alkoholi huchemka kwa nyuzi 78, hivyo mvuke wake hutangulia, hupita katika bomba lililopozwa kwa maji na kuwa kimiminika tena. Methanoli, ambayo ni sumu, huchemka kwa nyuzi 65, na pipa la nyumbani haliwezi kuitenganisha vizuri ikiwamo. Hatari hiyo si ya kupuuzwa.

Maji hayangoji kuchemka ili yawe mvuke. Jasho hukauka likiondoka na joto la mwili, ila hewa ya Kisangani ikishajaa unyevu, jasho hukauka polepole, na mtu huhisi joto zaidi kuliko kipimo kinavyoonyesha. Unyevu mwingi hutoka kwenye majani ya msitu. Huko Yangambi, kilomita 100 hivi magharibi mwa jiji, mnara wa utafiti hupima mvuke na gesi zinazopishana kati ya miti na anga. Mvuke huo ukipanda hupoa, huwa matone, na kuachia lile joto ulilolimeza chini. Hewa iliyopata joto hilo hupanda kwa nguvu zaidi, na ndivyo yanavyokua mawingu ya radi ya bonde la Kongo.