Kompyuta ya gemu: usilipie viini ambavyo hutavitumia

Tangazo liko hivi: "Kompyuta ya gaming, i7, core 8, zimebaki mbili tu, tuma deposit tukushikie." Kwenye picha taa za rangi zinamulika. Wewe umeweka akiba miezi kadhaa, pengine umeongezea na zamu yako ya chama, na kidole kiko juu ya kitufe cha kutuma. Kabla hujaweka PIN, hebu tuongee kidogo kuhusu hizo core, yaani viini, kwa sababu ndiyo namba wauzaji wanayopenda kuipigia kelele.

Prosesa ndiyo sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu zote. Kiini ni kama mfanyakazi mmoja ndani yake. Basi mtu anafikiria: wanane ni bora kuliko wanne, na kumi na sita ni bora zaidi. Kwa kazi ya kutayarisha video hesabu hiyo iko karibu na ukweli, maana video inaweza kukatwa vipande na kila kiini kikachukua chake. Gemu haiko hivyo.

Gemu huchora picha upya mara nyingi kila sekunde. Ukitaka picha 60 kwa sekunde, kila moja lazima iwe tayari ndani ya milisekunde 16 na kitu. Katika muda huo mfupi prosesa isome ulichobonyeza, ihesabu mpira umeelekea wapi, iamue mabeki wasimame wapi, kisha iipe kadi ya grafiki maagizo ya kuchora. Kazi hizi zinafuatana. Huwezi kujua kama mpira umeingia wavuni kabla hujajua umepigwa upande gani. Ndiyo maana mzigo mkubwa hubebwa na kiini kimoja au viwili, na vingine vinasaidia pembeni. Fikiria matatu: ongeza makanga wanane ukipenda, anayeshika usukani bado ni dereva mmoja, na injini ni ile ile.

Hili limeshaonekana sokoni. Mwaka 2011 AMD ilitoa prosesa ya FX-8150 ikiitangaza kuwa ya viini 8. Mwaka huo huo Intel ilikuwa na Core i5-2500K yenye viini 4 tu, na katika gemu nyingi hiyo ya vinne ndiyo ilishinda. Kila jozi ya viini vya FX ilikuwa inagawana baadhi ya vifaa vya ndani, na wateja wa Marekani wakaenda kortini wakidai kwamba vinane hivyo si vinane kamili. Mwaka 2019 AMD ilikubali kulipa dola milioni 12.1 kumaliza kesi hiyo.

Baadaye AMD yenyewe ikatoa mfano mzuri wa upande wa pili. Ryzen 9 5950X ina viini 16. Ryzen 7 5800X3D, iliyokuja 2022, ina 8 tu, lakini imewekewa kumbukumbu kubwa ya haraka ndani yake, megabaiti 96. Kwa gemu nyingi hiyo ya nane ndiyo hutangulia. Kama kazi yako ni gemu peke yake, vile vinane vya ziada ni pesa iliyolala.

Sasa, ununue ngapi? Kwa maoni yetu, viini 6 vya kizazi cha karibuni vinamtosha mchezaji wa kawaida. Core i5-12400F na Ryzen 5 5600 ziko kwenye kundi hilo. Bajeti ikiwa ndogo, Core i3-12100F ya viini 4 inaendesha EA FC, Valorant na Counter-Strike bila aibu. Vinane vina maana ukicheza gemu kubwa mpya, au ukirusha mchezo moja kwa moja mtandaoni huku unacheza. PlayStation 5 nayo ina viini 8, na gemu nyingi kubwa hutengenezwa zikiilenga, kwa hivyo kupita hapo kwa ajili ya gemu tu hatuoni sababu. Pesa inayobaki ipeleke kwa kadi ya grafiki. Hapo utaona tofauti kwa macho.

Jihadhari na herufi F mwishoni mwa jina la prosesa ya Intel. Maana yake haina grafiki ya ndani. Ukinunua i5-12400F bila kadi ya grafiki, skrini itabaki nyeusi. Ryzen 5 5600 ni hivyo hivyo. Yenye grafiki ya ndani ni 5600G.

Tahadhari kubwa zaidi ni kwa mashine za ex-UK. Neno "i7" peke yake halikuambii kitu. Laptopu yenye Core i7-6600U ya mwaka 2015 ina viini 2. Ndiyo, viwili, pungufu ya ile i3 tuliyoitaja hapo juu. Kuna pia kompyuta zinazouzwa na prosesa ya seva kama Xeon E5-2670, viini 8 kweli, lakini ni ya 2012 na kila kiini ni cha polepole kwa vipimo vya leo. Wengine nao huhesabu nyuzi wakaziita viini: i5-12400F ina viini 6 na nyuzi 12, na tangazo litasema "core 12". Uzi ni foleni ya pili kwa mfanyakazi yule yule, hajaajiriwa mwingine.

Kwa hivyo omba jina kamili la prosesa, namba zote na herufi ya mwisho, kisha ulitafute kwenye tovuti ya Intel au AMD. Ukiwa dukani, iwe Luthuli Avenue au mtaani kwenu, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, nenda Performance, halafu CPU. Hapo utaona jina la prosesa, na chini yake Cores ndiyo viini, Logical processors ndiyo nyuzi. Muuzaji akiwa mbali, akupigie simu ya video akifungua ukurasa huo mashine ikiwa imewashwa. Picha tu haitoshi, inaweza kuwa ya kompyuta nyingine.

Kwa upande wa malipo, lipa kwa till ya duka badala ya namba ya mtu binafsi, na usome jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Jina likiwa tofauti na la duka, simama uulize. Pesa ikienda kwa namba uliyokosea, tupigie mara moja tujaribu kuizuia. Lakini ukilipa muuzaji uliyemkusudia, halafu mashine ikaja na viini viwili badala ya vinane, huo kwetu ni muamala uliokamilika. Hatuna uwezo wa kuamua nani kati yenu anasema kweli. Ndiyo maana tunasisitiza risiti iandikwe modeli ya prosesa, si "i7" tu, na ujumbe wa malipo usiufute hadi waranti iishe.