Ganda la Bakteria wa Tauni

Lushoto, kwenye milima ya Usambara, tauni ilizuka mwaka 1980 ikasumbua vijiji kwa zaidi ya miaka 20. Wagonjwa walioandikishwa walizidi 7,000: homa kali, kisha mtoki kinenani au kwapani.

Kwa anayetafuta chanjo, fununu iko kwa bakteria wa tauni mwenyewe, Yersinia pestis: humwaga vipande vya utando wake wa nje. Vipande hivyo hujiviringa vikawa vifuko vidogo mno. 10,000 vikipangwa mstari mmoja vyaweza kutosha ndani ya milimita moja. Kifuko hakina uhai, hakizaliani, lakini kimevaa protini zilezile za bakteria mwenyewe. Kinga ya mwili ikikiona, humjua adui kabla hajafika. Si ndoto: mwaka 2004 New Zealand ilianza kuchanja watu dhidi ya homa ya uti wa mgongo kwa vifuko vya namna hii.

Kazi ngumu ni kujua ndani ya kifuko mna nini. Tauni ni kigeugeu. Akiwa tumboni mwa kiroboto, kwenye ubaridi, bakteria huyu hana haja ya joho lake la protini iitwayo F1. Hulivaa akifika kwenye nyuzi joto 37, yaani mwilini mwetu. Mtafiti akimkuza kwenye ubaridi atavuna vifuko visivyofanana na adui anayemshambulia mgonjwa.

Na F1 peke yake haitoshi kwa chanjo, kwani wapo bakteria wa tauni wasio nayo na bado wanaua. Ndiyo maana mimi naona kifuko chenye protini nyingi, kama Pla na Ail, kina mantiki zaidi kuliko chanjo ya protini moja. Kasoro yake ni mafuta yenye sumu yaliyomo kwenye utando, ambayo lazima yapunguzwe kwanza.

Hadi sasa vifuko vya kukinga tauni vimejaribiwa kwa wanyama tu. Ukipata homa na mtoki baada ya panya kufa ovyo nyumbani, usingoje chanjo: wahi zahanati siku hiyohiyo, kwa maana dawa za tauni zipo na huponya zikianzwa mapema.