HABARI ZA MAMA WAKATI WA KASKAZI

Katika Pwani ya Kenya joto la kaskazi huanza mwezi wa Desemba na kuendelea mpaka Machi. Ni wakati wa maembe na korosho, na visima vingi hupungua maji. Zamani, karani aliyefanya kazi Nairobi aliingojea sana barua ya mama yake mzee majira hayo.

Mama asiyejua kuandika alimwita mtoto wa jirani aliyekuwa akisoma shule, akamtajia maneno. Kwanza salamu, kisha hali za watu wote, ndipo habari zenyewe: mbuzi amezaa mapacha, binti wa jirani ameposwa, mnazi umeangukia paa la jiko.

Lakini mambo ya ndani hayakuandikwa wazi, kwa kuwa mwandishi alikuwa mtoto wa watu, na siri ingefika kisimani kabla barua haijafika posta. Kwa hiyo mama aliyeishiwa na chakula alisema tu kwamba kuku wamepungua. Aliyeugua alisema kwamba siku hizi maji huchotwa na mjukuu. Mwana mwenye akili alifahamu, akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani.

Tangu mwaka 2007 fedha hutumwa kwa simu kwa njia ya M-Pesa, na mama hujisemea mwenyewe. Hata hivyo bado huanza na mbuzi na majirani, na shida yake huja mwisho, kama jambo dogo. Basi mwana asifanye haraka kukata simu.